Kabla Ndege Hajatua: Vidokezo 12 vya Picha za Ndege Wadogo wa Tandahimba

Picha ya tembo inataka gari na kiingilio cha hifadhi. Picha ya chozi inataka subira na uwanja wa nyuma ya nyumba. Uwanda wa Makonde umejaa vichaka, mashamba yaliyopumzishwa na mikorosho, na kila kipande kina ndege wake: chozi kwenye maua ya mipapai, shore kwenye miarobaini, pasa wenye mikia mirefu wakining'inia kwenye matunda, tongo na chiriku kwenye nyasi zilizoiva, na wale washigi wa samawati wanaodonoa mbegu njiani wawili wawili. Tatizo ni kwamba wanamfahamu binadamu. Wamekua wakikwepa manati na ulimbo, na mtu akisimama tu wanatawanyika.

Ndiyo maana mpiga picha wa ndege wadogo huketi ndani ya kibanda. Lakini kibanda peke yake hakileti picha nzuri. Wako watu wanaotumia fedha nyingi kwenye lenzi, kisha wanakaa upande usiofaa wa jua na kurudi nyumbani na ndege mweusi mbele ya anga jeupe. Ninachoamini ni hiki: sehemu kubwa ya picha imeshaamuliwa kabla ndege hajatua. Imeamuliwa na maji uliyoweka, kitawi ulichosimika, upande uliokaa na urefu wa kigoda chako. Nimevipanga vidokezo hivi kwa imani hiyo, kwa hiyo kamera yenyewe itakuja baadaye.

1. Anza kwa mwenye shamba

Mtu aliyejificha kichakani na chombo kirefu mkononi anatia hofu, na wenyeji wana haki ya kumtilia shaka. Korosho zinapookotwa, kuanzia Septemba au Oktoba, mgeni anayejibanza shambani atadhaniwa mwizi. Vijiji vya kuelekea Ruvuma, mpakani na Msumbiji, vina sababu ya ziada ya kuwa macho. Piga hodi kwa mwenye shamba kwanza, kisha kwa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji.

"Shikamoo mzee. Naomba ruhusa nikae chini ya mkorosho wako asubuhi chache, napiga picha za ndege." Sentensi kama hiyo inafungua mlango, na nyuma ya mlango huo kuna maarifa mengi. Mtu aliyewahi kukaa dunguni akiamia ndege wa mtama anajua saa wanayokuja, upande wanaotokea, na mti wanaotua kwanza kabla ya kushuka chini. Muulize. Atakuokolea wiki nzima ya kubahatisha.

Na wale vijana wa manati, waite waone kioo cha kamera. Wanajua viota vyote vya kitongoji, na wengi wao hawajawahi kumwona chozi kwa karibu akiwa hai. Mpe mmoja darubini kwa dakika tano, na umempata mlinzi wa kibanda chako.

2. Weka maji

Hiki ndicho kidokezo ambacho ningekuachia kama ningeruhusiwa kimoja tu.

Udongo wa kichanga wa uwanda huu hunywa mvua mara moja, na huku juu mito haipo. Watu wa Newala na Tandahimba wanaujua ukame huo kwa mabega yao wenyewe. Maji yalipandishwa kutoka mabondeni kwa kichwa, nyumba nyingi zikachimbiwa visima vya kukingia maji ya bati, na mradi wa maji wa Makonde, unaosukuma maji kutoka chanzo cha Mitema, ulianza miaka ya 1950 kwa sababu hiyohiyo. Ndege nao wanaishi kwenye ukame huo. Kati ya Juni na Oktoba, sahani ya maji iliyotulia chini ya kichaka huwavuta kuliko chambo chochote cha mbegu, na huwavuta hata wale wasiokula mbegu kabisa: wala wadudu, wala matunda, wanyonya maua.

Usitumie maji mengi, kwa sababu ndoo ina bei yake. Nusu lita inatosha. Chukua kifuniko cha chungu au sahani pana ya udongo na uifukie mpaka ukingo wake ulingane na ardhi. Kina cha maji kisizidi sentimita 3, la sivyo ndege mdogo ataogopa kuingia. Panga mawe mawili matatu ili apate pa kusimama. Bati na sinia ziache, kwa kuwa zinachemka juani na kumulika kwenye picha.

Ukitaka kuongeza mvuto, tundika chupa ya lita moja na nusu kwenye tawi lililo juu ya sahani, itobolewe kwa pini ili idondoshe tone moja moja. Tone linalodondoka huonekana kwa mbali na kusikika, na ndege anayepita juu hugeuka kuja kutazama.

Weka maji siku nne au tano kabla hujaketi na kamera, saa ileile kila siku. Mwaga ya jana, sugua sahani kwa mchanga, mimina mapya. Maji machafu yanayotumiwa na ndege wengi hueneza magonjwa kati yao. Ukimaliza kazi yako, usiondoke ghafla na kuacha sahani tupu katikati ya Septemba: mkabidhi mtoto wa nyumba ile aendelee mpaka mvua.

3. Jenga kwa vitu vya hapo hapo

Ndege haogopi kibanda, anaogopa kitu kigeni. Mabua ya mtama, nyasi, makuti, matawi ya mkorosho yaliyopogolewa: vyote hivyo anavijua tangu kuzaliwa. Fremu iwe ya miti minne iliyofungwa kwa kamba, upana wa mita moja na robo kila upande, na kimo cha kukutosha ukiwa umeketi. Kijenge siku ileile unayoweka maji, ili vizoeleke pamoja.

Kinachomfichua mtu ni mwanga unaopita nyuma yake. Ndani ya kibanda pakiwa na giza, ndege haoni kitu hata tundu likiwa wazi. Ukuta wa nyuma ukivuja mwanga, kila unapoinua mkono anauona. Ning'iniza kaniki ukuta wa nyuma na kwenye dari, vaa nguo nyeusi au ya kahawia, na vua saa inayometameta. Mbele, kata tundu moja la lenzi na lingine dogo la jicho. Chandarua cheupe hakifai kufunika tundu, kwani hung'aa kikipigwa na jua.

Ufundi huu una historia. Ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, walichapisha mwaka 1895 kitabu cha viota vya ndege chenye picha za kamera tupu, na baadaye wakafikia kutengeneza ng'ombe wa bandia kwa ngozi, mpiga picha akaingia tumboni mwake. Waliona kwamba ndege wa malishoni hamjali ng'ombe. Cherry alifika Afrika Mashariki mwaka 1909 kupiga picha za wanyama. Wazo lao linafaa Tandahimba bila ngozi yoyote: jiulize ndege wa mahali ulipo wamezoea kuona nini, kisha ujifunike kwa hicho.

Kabla ya kuingia kila asubuhi, gonga kuta kwa fimbo na umulike ndani. Nyoka na siafu nao wanapenda kivuli.

4. Jua mgongoni, kusi begani

Tandahimba iko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta. Kwa mpiga picha hiyo ina maana kwamba kuanzia mwishoni mwa Februari mpaka baada ya katikati ya Oktoba jua la adhuhuri huinamia kaskazini, na mwezi Juni huchomoza kaskazini mashariki. Kibanda cha asubuhi kiwe upande wa mashariki wa maji, tundu likitazama magharibi. Jua la Juni na Julai litakujia juu ya bega la kulia, limpige ndege usoni na kuwasha nukta ndogo ya mwanga ndani ya jicho lake. Bila nukta hiyo jicho huonekana limekufa, hata kama manyoya yote ni makali.

Sasa ongeza upepo. Ndege hupenda kutua na kusimama akiuelekea upepo, kwa sababu upepo wa mbele humsaidia kupunguza kasi na ule wa nyuma humfumua manyoya. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki. Wewe uliye mashariki mwa maji, ukitazama magharibi, utaupata nyuma ya bega la kushoto. Kwa hiyo ndege atatua akikuelekea wewe, na jua likimwangaza uso. Msimu wa kaskazi nao, kuanzia Desemba mpaka Machi, upepo hutoka kaskazini mashariki, na hesabu ni ileile.

Jioni mambo hugeuka. Ukihama upande wa magharibi kufuata jua, upepo huwageuza ndege wakuonyeshe mikia. Ndiyo sababu nashauri uwekeze nguvu zako asubuhi, kati ya saa 1 na saa 3. Kuanzia saa 4 mwanga huwa mkali, vivuli vyeusi vinaingia chini ya macho, na hewa ya moto juu ya mchanga huanza kutetemesha picha.

Mchanga wenyewe una msaada mmoja: hurudisha mwanga juu na kuangaza tumbo la ndege. Usiufagie wote wala kuufunika kwa majani.

5. Pima umbali kwa kamba

Watu hukadiria umbali kwa macho na kukosea. Lenzi ya milimita 300 kwenye kamera nyingi za bei ya kati, zile za sensa ndogo, ikiwa mita 4 kutoka kwa ndege huona upana wa sentimita 31 hivi. Mshigi mwenye urefu wa sentimita 12 atachukua zaidi ya theluthi ya fremu, na hapo utaona kila unyoya. Ukirudi mita 8, fremu inakuwa ya sentimita 63 na mshigi yuleyule anabaki chini ya moja ya tano. Hakuna programu ya kompyuta itakayokurudishia unyoya uliopotea hapo.

Basi mita 4 ndiyo shabaha, kwa lenzi ya 300; kwa lenzi ya 400, mita 5. Lakini angalia kwanza lenzi yako inaanza kulenga kutoka umbali gani, kwa sababu lenzi nyingi ndefu hazioni vizuri kitu kilicho karibu sana. Jaribu nyumbani kwa kulenga gunzi la muhindi.

Ukaribu una gharama. Kwa mita 4, lenzi ya 300 ikifunguliwa f/5.6, eneo lililo kali ni kama sentimita 4 tu kwenda mbele na nyuma. Ukifunga hadi f/8 unapata karibu sentimita 6. Ndege akikuelekea moja kwa moja, mdomo utakuwa mkali na mkia ukungu. Akikupa ubavu, anaingia wote.

6. Simika kitawi, chagua kilicho nyuma yake

Ndege wengi hawashuki moja kwa moja kwenye maji. Hutua kwanza juu kidogo, hutazama huku na huku, kisha hushuka. Mpe pa kutua. Chomeka kitawi kimoja karibu na sahani, kimo cha goti, kikikatiza mbele yako kutoka kushoto kwenda kulia. Ndege husimama akikikingama kitawi, kwa hiyo kikiwa na mshazari mdogo kuelekea kwako utampata nusu ubavu, kichwa kimegeuka: mkao mzuri kuliko yote.

Kitawi kisizidi unene wa kidole kidogo. Chozi kwenye gogo anaonekana kama amepotea. Chagua chenye sura: gome la mkorosho lenye kuvu ya kijivu, tawi la mkwaju, ua la shubiri mwitu. Badilisha kila siku mbili, la sivyo picha zako zote zitafanana.

Kisha tazama nyuma ya kitawi kupitia kamera. Hapo ndipo picha nyingi za ndege zinapoharibika, kwa jani jeupe linalometa, ndoo ya buluu, kamba ya nguo au kipande cha anga. Sogeza kibanda kidogo kushoto au kulia mpaka nyuma pawe na kitu kimoja tu, na kiwe mbali. Ukuta wa kichaka ulio mita 10 nyuma ya kitawi utayeyuka uwe rangi ya kijani laini. Kichaka hichohicho kikiwa mita moja nyuma kitakuwa fujo ya matawi.

7. Keti chini

Chini zaidi. Ndege wa chini anayepigwa picha na mtu aliyesimama huonekana mgongo tu, na nyuma yake ni mchanga. Lenzi ikishuka mpaka kimo cha jicho lake, msomaji wa picha anaingia kwenye dunia ya ndege. Tumia kigoda kifupi, au lala kifudifudi juu ya mkeka, lenzi ikilalia kifuko cha mchanga. Stendi ya miguu mitatu si lazima. Kifuko cha kitambaa chenye mchanga au mchele hushika lenzi vizuri, na mchele unaliwa kazi ikiisha.

8. Kamera, sasa

Ndege mdogo hatulii. Hata akiwa amesimama, kichwa kinacheza. Anza na kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde kwa aliyetua, na 1/2000 au zaidi kwa anayeoga, ukitaka matone yasimame hewani. Fungua lenzi f/5.6 au f/8, kisha iache ISO ipande ipendavyo, 1600 au hata 3200. Picha yenye chengachenga inavumilika na hata inasafishika. Iliyotikisika haina dawa.

Lenga jicho. Kama kamera yako ina uwezo wa kutambua jicho la ndege, uwashe. Kama haina, tumia nukta moja ya kulenga na uiweke pale kichwa kitakapokuwa. Piga mfululizo wa picha tatu nne kwa wakati, na uzime mlio wowote unaoweza kuzimwa. Shata ya kimya ni baraka ndani ya kibanda.

Kitu kimoja kinahitaji umakini: kamera hutaka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Dume la chozi kifua-chekundu ni jeusi kama kaniki, na akijaza fremu kamera itamwangaza kupita kiasi. Ule wekundu wa kifua utageuka doa lisilo na manyoya. Punguza mwanga kwa −0.7 na uangalie tena. Kinyume chake, ndege aliye mbele ya anga atakuwa kivuli, hivyo ongeza +1 au zaidi. Kama kamera inaweza kuhifadhi faili ghafi, RAW, tumia hiyo. Inakupa nafasi ya kurekebisha baadaye.

Flashi sishauri. Jua la asubuhi kwenye uwanda linatosha.

9. Kama una simu tu

Usikate tamaa hata kidogo. Simu haivuti mbali, kwa hiyo ipeleke karibu. Iweke sentimita 40 kutoka kwenye maji, ikiegemea jiwe, imefunikwa gunia na majani mpaka ibaki lenzi tu. Gusa na ushikilie kwenye jiwe ambalo ndege hutua, ili ulengaji na mwanga vijifunge hapo. Zima mlio, weka hali ya ndegeni, washa video ya ubora wa juu na uondoke. Baada ya dakika 20 rudi uone. Fremu moja nzuri inaweza kutolewa kwenye video na kuwa picha.

Unaweza pia kutumia kidude cha bluetooth cha kubonyezea kutoka mbali, vile vya watu wa kujipiga picha. Na mwenye darubini ana njia ya tatu: kuishika lenzi ya simu kwenye jicho la darubini. Inataka mkono uliotulia na kifuko cha mchanga, lakini ndani ya kibanda una muda wa kujizoeza.

10. Waingie wawili, atoke mmoja

Ndege walioko karibu watakuona ukiingia, nao watasubiri utoke. Nenda na mwenzako, ingieni wote, kisha yeye atoke na aende zake waziwazi, akizungumza. Ndege wengi wataridhika kwamba hatari imeondoka. Ujanja huu ni wa zamani na bado unafanya kazi.

Uingie kabla ya mapambazuko. Beba maji ya kunywa, kitu cha kula kisicho na mfuko unaopiga kelele, na betri ya akiba. Lenzi ikishatokeza tunduni, usiirudishe ndani wala kuizungusha kwa haraka. Ndege wa kwanza kuja mpe dakika chache za kunywa bila kubofya chochote. Akiondoka salama, wengine watakuja, kwani hutazamana.

Mkaguzi wa kwanza huwa shore. Akinywa yeye, jiandae.

11. Fuata mwaka

Juni mpaka Oktoba ni msimu wa maji, na ndio mwanzo mzuri kwa mtu mpya. Ila katika miezi hiyohiyo mikorosho inachanua na wakulima wanapuliza salfa dhidi ya ubwiriunga. Vumbi lile huwasha macho, hukaa kwenye kioo cha lenzi, na mashine ya kupulizia hutimua kila kiumbe. Muulize mwenye shamba ratiba yake, na siku ya kupuliza usiende. Maji yaliyokuwa wazi yamwage.

Mvua za kwanza zikinyesha, mara nyingi Novemba au Desemba, sahani yako inapoteza nguvu kwa sababu maji yako kila mahali. Badilisha mbinu: tafuta kichuguu kinachotoa kumbikumbi. Kwa saa moja au mbili kila mla wadudu wa eneo zima atakuwa hapo, na yuko bize kiasi cha kutokujali wewe. Wageni kutoka Ulaya na Asia nao wameshafika, keremkerem na ndege wadogo wa majani watakaokaa mpaka Aprili. Kisha madume ya mnana na kweche huvaa rangi za kupandia, manjano na nyekundu kali, na nyasi huwa ndefu na za kijani. Kwa rangi, huo ndio msimu wangu.

Na hapa niseme bila kuzunguka: kiota kiache. Usijenge kibanda mbele ya kiota, usikate tawi ili mwanga uingie, usitanue majani kuona makinda. Tawi lile ndilo kivuli chao, na jua la saa 6 linaweza kuwaua makinda wasio na manyoya. Njia ya miguu yako kuelekea kiotani ndiyo atakayoifuata nyoka, kunguru au kijana wa manati. Picha ya mzazi akinywa maji mita 50 kutoka hapo ni nzuri vilevile, na haimgharimu mtu kitu. Sauti za ndege zilizorekodiwa na kuchezwa kwenye simu ili kuwaita nazo uziache msimu huo. Dume hudhani amevamiwa na kuacha kazi ya kulisha.

12. Andika siku hiyohiyo

Kabla ya kulala, andika tarehe, saa, kijiji, aina ya mti au kichaka, na ndege alikuwa akifanya nini. Watazamaji wengi wa ndege wanaokuja Tanzania huishia Serengeti, Usambara au Uluguru, na ni wachache wanaofika Mtwara, kwa hiyo picha yenye tarehe na mahali kutoka Tandahimba ni ushahidi wenye thamani hata kama si ya kushinda mashindano. Ipeleke eBird au kwa mradi wa Atlasi ya Ndege wa Tanzania. Shirika la Nature Tanzania nalo linashughulika na ndege na makazi yao.

Mfano uko jirani kabisa. Mwaka 1911 Mjerumani Hermann Grote alimweleza kisayansi ndege mdogo wa Mikindani, batis aliyepewa jina la Reichenow, mwenye kofia ya kijivu na barakoa nyeusi machoni. Anapatikana pwani ya kusini mashariki mwa Tanzania. Batis hufanana sana wao kwa wao, na hutenganishwa kwa vitu kama rangi na upana wa mkanda wa kifuani. Basi batis yeyote akitua kwenye kitawi chako, usiridhike na ubavu wake mzuri. Subiri ageuke, upige kifua, upige koo, umpige dume na jike kama wako wote wawili, na faili hizo usizifute hata zikiwa na ukungu kidogo.